Mteja wa Mwisho wa Robo Ndege

Projest Kahigi hajawahi kupanda ndege. Hata uwanja wa Bukoba anaujua kwa kupita nje ya uzio. Lakini pale Omurushaka ukiulizia nyumbani kwa Kahigi utaulizwa Kahigi yupi. Ukisema Robo Ndege, hata muuza mishikaki atakuelekeza bila kugeuza shingo. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Walimpa watu, na watu wa huku wakishakupa jina, utazikwa nalo.

Alilipata hivi. Miaka mingi alikuwa wakala wa kununua kahawa, mtu wa mizani na magunia, anayezunguka kwenye vibanja vya watu tangu kahawa ingali mbichi mtini. Ununuzi ulipohamia kwenye vyama vya ushirika, akabaki na mizani ukutani, akiba kidogo benki na ubishi mwingi kichwani. Siku moja mgeni aliyelala gesti akisubiri basi akamwonyesha kwenye simu habari ya matajiri wa nje huko, wale ambao hawanunui ndege nzima. Mmoja ananunua robo, mwingine nusu ya robo. Ukitaka safari unapiga simu, ndege inakuja, rubani anakuita kwa jina, na kinywaji unachokipenda kimeshapoozwa. Ukishuka, anakwenda kumwita mwingine kwa jina lake. Kahigi aliitazama ile video mpaka mgeni akaomba simu yake.

"Watu wanagawana ndege," alimwambia mkewe Prudensia jioni ile, "sisi tushindwe kugawana gari?"

Prudensia alikuwa anamenya ndizi. Akauliza, "Gari la kwendea wapi?"

Swali la maana, na laiti angelijibu. Aliuza kipande cha kibanja cha upande wa barabarani, kile ambacho bibi yake alizikwa karibu nacho, akakichanganya na ile akiba, akaenda Dar es Salaam na kurudi na Prado nyeusi, vioo vyeusi, viti vya ngozi. Kisha akaanza kuuza hisa, kila mtu akimhadithia ile robo ya ndege mpaka jina likamganda.

Sasa sikilizeni alichokuwa anauza, maana hapo ndipo ujinga wote ulipolala. Hakuuza usafiri. Usafiri Karagwe upo, bodaboda zimejaa kila njia panda. Kahigi aliuza heshima. Ukishanunua hisa, siku ukiliita gari linakuja likiwa limeoshwa, na Kahigi mwenyewe yuko kwenye usukani, shati jeupe, anakuita bosi. Akiulizwa gari la nani, anasema la bosi. Akiulizwa yeye nani, anasema dereva wa bosi. Na wanahisa wenzako huwajui, wala wao hawakujui. Mambo ni ya siri. Siri, Karagwe! Karagwe hii ambako mbuzi wako akikohoa Nyakahanga, Omurushaka wanakupa pole.

Walinunua sita. Kulikuwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kulikuwa na Mwalimu Benadeta, mkuu wa shule mstaafu, na wengine watatu wa kahawa na vanila. Na juu yao wote alikuwepo mzee Tukahirwa wa Kyerwa, mwenye ng'ombe wengi kwenye nyika ya kule, mtu wa kofia kubwa na maneno machache. Yeye alichukua hisa nyingi kuliko wote watano wakiwekwa pamoja.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Kahigi akanenepa kidogo, akaanza kutembea mikono ikiwa nyuma. Alijua Mwalimu Benadeta anapenda tangawizi ya baridi na redio iwe kwaya. Alijua mwenye duka hataki kufungiwa mkanda mbele za watu. Yote hayo aliyakariri.

Kilichomponza kwanza ni Jumamosi. Kahawa ikishauzwa huku watu wanaoa, na wanaoa Jumamosi. Wanahisa sita, harusi sita, gari moja. Kahigi akawa anadanganya. Huyu anaambiwa gia imekataa, yule anaambiwa limekwenda kubadilishwa matairi Bukoba. Halafu aliyeambiwa gia imekataa anakaa kibarazani kwake na soda mkononi, analiona gari lake linapita na maua kwenye boneti.

Cha pili kilikuwa kicheko. Mtu wa huku hatakwambia uso kwa uso kwamba unaongopa. Atakukaribisha, atakupa kahawa ya kutafuna, atasema hongera kwa gari, waitu, ndugu yetu, Mungu akuzidishie. Ukishapinda kona ndipo watu wanashika mbavu. Vijana wa bodaboda pale stendi wakaanza kuwekeana dau la soda: leo ni la nani? Mmoja wa watu wa vanila alikwenda nalo msibani kwa wakwe zake, akashuka kwa maringo, na mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya maji akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Jumamosi iliyopita lilikuwa la mwalimu." Yule wa vanila hakurudi tena kwenye gari lile. Alipanda bodaboda kurudi kwake, na suti yake.

Wakaanza kuondoka. Na hakuna aliyesema naondoka. Walisema, "Nitakupigia." Kahigi, aliyekuwa amenunua kahawa nusu ya maisha yake na kuzijua njia zote za watu za kukwepa, hili hakulijua. Alikuwa anakaa na simu mapajani anasubiri kupigiwa.

Alipozinduka alihangaika, msimnyime hilo. Aliwapelekea sukari na sabuni. Msimu wa senene aliwakaangia senene akawafungia kwenye ndoo ndogo zenye vifuniko. Alizika watu ambao hakuwahi kuwasalimia wakiwa hai, akibeba mabenchi na kuchota maji, mradi tu wafiwa ni ndugu wa mwanahisa. Yeye Mlutheri, lakini alikaa misa za Kikatoliki mpaka akajua pa kupiga magoti. Mwalimu Benadeta alimpokea vizuri sana, akala senene mbele yake mpaka mkono ukafika kwenye kitako cha ndoo, akajifuta midomo. "Kahigi, umehangaika baba," akasema. "Nitakupigia."

Akabaki Tukahirwa peke yake. Na hesabu haikuhitaji shule: mchango wa Tukahirwa ndio uliokuwa unaliweka gari barabarani. Akiondoka Tukahirwa, gari linauzwa kwa bei ya kutupa, na Kahigi anabaki hana gari, hana kile kipande cha kibanja, ana jina tu la Robo Ndege la kumfuata mpaka kaburini.

Katika nyumba ile aliyekuwa hacheki ni mmoja, binti yao Vero. Alikuwa muuguzi wa zahanati kule Kibingo, na akija likizo alikunja sketi akaosha gari na baba yake, yeye matairi, baba vioo. "Tata, usiwasikilize," alikuwa anamwambia. "Wangekuwa na akili kama yako wangekuwa wameshanunua." Kahigi alikuwa anageukia upande mwingine, ajifanye anasugua kioo. Na Vero alikuwa amepata mchumba huko huko Kibingo, Benjamin, mtoto wa mzee Rugemalira, familia ya kahawa na kanisa. Mshenga alikuwa anatazamiwa wakati wowote. Wazee walikuwa hawajaonana. Rugemalira alichojua ni kwamba baba wa Vero ni Kahigi wa Omurushaka, mwenye gari.

Basi Tukahirwa akapiga simu.

"Kijana wangu Mugisha anapeleka mahari Jumamosi. Nataka watu waone gari la Tukahirwa."

"Watalipenda, bosi."

"Na wewe mara ya mwisho ulicheka na watu sana. Dereva hacheki na wageni wa bosi wake. Watoto wangu wananisumbua ninunue langu. Mimi sijaamua. Nikiridhika Jumamosi, hisa zilizobaki wazi nazichukua zote."

Kahigi alisimama wima na simu sikioni kama aliyekuwa anaimbiwa wimbo wa taifa. "Bosi wangu, mimi ni kivuli chako. Ni wapi huko?"

"Kibingo."

Prudensia aliposikia, akaweka chini ungo. "Kibingo ndiko kwa wakwe wa Vero."

"Kibingo ni kata, siyo sebule. Watu ni wengi kule."

"Na Vero amekwambia juzi anakwenda kusaidia kupokea wageni, rafiki yake wa zahanati analetewa mahari Jumamosi. Ulisema ndiyo, ndiyo, huku unaongea na simu."

"Mahari ngapi zinapelekwa Jumamosi?" akasema Kahigi, akaenda kuosha gari.

Jumamosi wakafika Kibingo, gari jeusi mbele, pikapu ya pombe ya rubisi na soda nyuma, ng'ombe walikuwa wametangulia. Kahigi akazunguka mbio akamfungulia Tukahirwa mlango. Akampokea kofia, akamrudishia kofia. Akamshikia mwavuli ingawa jua halikuwa kali. Kisha akaenda kukaa nyuma ya jiko na madereva wengine, kwenye kreti lililogeuzwa, akawa anajiambia mambo yanakwenda vizuri. Na kweli yalikuwa yanakwenda. Washenga walitaniana, watu wakacheka, mahari ikapokelewa.

Baada ya chakula Tukahirwa akataka kuringa. Akamwita kwa kidole. "Dereva, wafungulie wazee waone ndani." Wazee wa upande wa bibi harusi wakalizunguka gari, wakagusa viti, wakaguna. Miongoni mwao kulikuwa na mzee mmoja mwembamba, koti la kijivu, fimbo mkononi. Huyu hakutazama viti. Alimtazama Kahigi.

"Samahani, ndugu yangu," akasema kwa adabu. "Mimi naitwa Rugemalira. Wewe si Kahigi wa Omurushaka? Nimeambiwa Kahigi ana gari kama hili. Wewe si baba yake Vero wetu huyu?"

Akageuka nusu kuonyesha. Na Vero alikuwa pale pale, hatua chache, kitenge kiunoni, kikapu cha kahawa ya kutafuna mikononi, anawapitishia wageni. Alikuwa ameshamwona baba yake. Alikuwa anatabasamu, ameshaanza kufungua mdomo kusema ndiyo, huyu ndiye tata.

Kahigi akamtazama Tukahirwa. Tukahirwa alikuwa amesimama mkono juu ya paa la gari.

Hapa ndipo ninapomkasirikia mtu huyu, na hasira yangu haijaisha mpaka leo. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Angesema ndiyo, Tukahirwa angeaibika, gari lingeuzwa, watu wangecheka mwezi mzima halafu wangepata kingine cha kucheka. Neno moja, na mwenye kulitoa alikuwa na mdomo mzima na meno yake yote.

"Hapana, mzee," akasema Kahigi. "Umenifananisha. Mimi ni dereva wa mzee Tukahirwa."

"Binti humjui?"

"Simjui, mzee."

Rugemalira akasema aha, samahani, akaegemea fimbo yake. Wazee wengine wakaangalia matairi. Vero hakulia wala hakukimbia. Alikuja mpaka mbele ya Kahigi, akapiga magoti kwenye majani kama binti aliyelelewa anavyompigia mgeni, akainua kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu kahawa, dereva," akasema.

Kahigi akachukua punje. Mbili zikaanguka, na Vero akaziokota akampa tena. Akazitafuna. Tukahirwa akacheka, akasema dereva wake huyu kwa kahawa hajambo, na watu wakacheka naye kwa heshima.

Wakaanza safari ya kurudi. Walikuwa wameshaiacha migomba na kuingia kwenye nyika, ng'ombe wa watu wanavuka barabara, ndipo Tukahirwa alipouliza, "Yule msichana ni wako?"

"Ndiyo, bosi."

"Aa."

Walipofika kwake akashuka mwenyewe, mlango akaufungua mwenyewe. Akavaa kofia yake. "Nitakupigia," akasema.

Habari ilimtangulia Kahigi nyumbani. Huku habari haipandi gari. Prudensia alikuwa ameshaipata. Alimpakulia ndizi na maharage, akachukua sahani, akatoka nayo nje, akaiweka juu ya boneti ya Prado, akarudi ndani akafunga mlango. Kahigi alikula akiwa amesimama. Kwa siku nyingi baada ya hapo chakula chake kilikuwa kinatengwa pale pale, na majirani wakajifunza kutopita upande ule saa ya chakula, wasimwaibishe.

Yeye bado alikuwa na tumaini, mwone. Alimkana mtoto kwa ajili ya mteja. Sasa angalau mteja huyo abaki, ili lile tendo liwe na bei yake. Akamfuata Tukahirwa Kyerwa. Akamkuta zizini anatazama ndama. Kahigi akapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, mtu mzima na shati lake jeupe, akaomba.

"Inuka, unachafuka," akasema Tukahirwa, na hakusema kwa ukali. "Kahigi, mimi siyo mtoto. Kibingo nzima wanajua gari ni lako, wanawake waliongea kabla hata sijafika nyumbani. Hilo ningelivumilia, nimechekwa na watu wengi. Lakini wewe unanitisha. Mtu aliyemkana mtoto wake mbele yangu ili anifurahishe mimi, kesho akipata wa kumfurahisha zaidi yangu, mimi atanikana mbele ya nani?"

"Bosi, nilifanya kwa ajili yako."

"Ndicho ninachosema. Sikukutuma." Akamrudia ndama wake. "Vijana wameshaagiza gari langu. Nenda salama, wasalimie nyumbani."

Vero alikuja Omurushaka mara moja tu. Hakuingia ndani kwanza. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, kama alivyozoea siku hizo. Akasimama dirishani.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mama yangu." Akataka kufungua mlango, Vero akauzuia kwa mkono.

"Mzee Rugemalira hakuvunja. Amesema anamwoza mwanawe kwa msichana, hamwozi kwa gari. Mshenga wake atakuja nyumbani kwa baba mdogo Jasson, Nyakahanga. Nimewaambia Jasson ndiye atakayekaa."

Jasson ni mdogo wake Kahigi, mkulima mpole asiye na baiskeli.

"Na mimi?"

"Wewe uliwaambia hunijui." Sauti yake haikupanda. "Sasa niende nikawaambie nini? Kwamba baba yangu yupo ila siku ile alikuwa na kazi? Nataka kuolewa, tata. Nataka siku ile moja watu wasicheke."

Kahigi akashika usukani. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe. Ndiyo maana nimekuja kukuomba gari, la siku ya mahari na la kunipeleka kanisani. Na anayejua kuliendesha ni wewe."

Akaenda ndani kwa mama yake, wakafunga mlango.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi, na gari lilikuwa na nafasi, hakukuwa na mwanahisa wa kuligombea. Kahigi aliliosha yeye peke yake, vioo na matairi. Alimpeleka Prudensia Nyakahanga akiwa kiti cha nyuma. Jasson alivaa koti la kuazima, akakalishwa kwenye kiti cha baba katikati ya wazee, jasho linamtoka, hajui mikono aiweke wapi. Washenga walipouliza baba wa binti yuko wapi, Jasson akasimama. Watu wa Nyakahanga wote waliokuwa pale wanamjua Kahigi tangu akiwa anachunga mbuzi. Walitazama miguu yao. Prudensia alikuwa kati ya wanawake, kitenge kimevutwa mpaka kwenye nyusi.

Kahigi alikuwa chini ya uzio, kando ya gari, kitambaa mkononi. Kutoka pale alisikia vigelegele lakini hakuona kitu. Msichana mmoja alimletea sahani, wali na kipande cha nyama kizuri, akamwambia kula dereva, akaondoka.

Jua likiwa limeanza kuinama, wakwe wakawa wanaaga. Mzee Rugemalira akajitenga na wenzake, akashuka polepole na fimbo yake mpaka kwenye gari. Alikuwa anajua, tusidanganyane. Alijua tangu siku ile ile ya Kibingo. Akasimama mbele ya Kahigi, akampa mkono, na hakuuachia mkono wa Kahigi upesi.

"Pole na kazi, dereva."

"Asante, mzee."

"Binti huyu kalelewa. Nimekaa naye, nimemwona. Ana heshima, na ana moyo wa kusamehe." Akasubiri, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti. Nyuma yake, juu kwenye kibaraza, Vero alikuwa amesimama kati ya Jasson na Benjamin, wanapigwa picha, na kwa mara ya kwanza tangu Kibingo alikuwa anacheka. Alipowaona wale wazee wawili kando ya gari, kicheko kikamkatika, mkono ukamwenda kifuani.

Kahigi alimwona. Akatazama chini.

"Pongezi zangu zimfikie baba yake," akasema Rugemalira.

"Zitamfikia, mzee."